Mwachie gumba kazi yake: kwa wanaoanza gitaa la kantri

Wanaonijia wakitaka kujifunza gitaa la kantri huwa wa aina mbili. Kuna waliolelewa na Jim Reeves kwenye redio ya mzee, Jumapili jioni, na hawa huja na nyimbo tele kichwani lakini vidole vizito. Halafu kuna waliomwona mpiga gitaa Tommy Emmanuel kwenye simu, wakashuhudia mtu mmoja akipiga besi, kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) na wimbo wenyewe kwa mpigo, nao wanataka kasi ile kabla ya Krismasi. Wa kwanza ndio hufika mbali. Tayari wanajua wimbo mzuri unavyokwenda bila haraka, na hilo ndilo gumu kufundisha. Vidole hulainika tu.

Gitaa ninalolisemea hapa ni lile lisilo na mwimbaji, gitaa lenyewe likiimba. Kigogo wake ni Chet Atkins, mzaliwa wa Luttrell, Tennessee, mwaka 1924, aliyefariki 2001. Huyu alikuwa na uwezo wa kutisha: aliwahi kurekodi nyimbo mbili tofauti akizipiga kwa wakati mmoja katika gitaa moja. Lakini tafuta rekodi zake za polepole, kama vile santuri aliyoijaza tenzi za kanisani, usikie jinsi anavyojizuia. Nota inapigwa, inaachwa ilie mpaka iishe, ndipo inayofuata inaingia. Hakuna mahali anapokukumbusha kwamba yeye ni fundi.

Na kama umekulia Kenya, sikio lako limeshapikwa kwa ladha hiyo bila wewe kujua. Atkins hakuwa mpigaji tu. Ndiye aliyesimamia kazi za kampuni ya rekodi ya RCA pale Nashville, makao ya kantri, na rekodi kubwa za Jim Reeves, ikiwemo ile ya 1959 iliyomtangaza duniani, zilitengenezwa chini ya usimamizi wake. Ule utulivu wa Reeves, sauti ikiwa karibu na maikrofoni, vyombo vikiwa nyuma vikisubiri zamu, ni akili ileile unayoisikia kwenye gitaa la Atkins. Kwa hiyo usijione mgeni.

Wala mtindo wenyewe, gumba likipiga besi huku vidole vikipiga wimbo, si wa kigeni kiasi unachodhani. Atkins aliuokota redioni. Alikuwa kijana mwenye pumu, huko Georgia alikoenda kuishi na babake, na usiku alinasa kituo cha redio cha WLW cha Cincinnati na kumsikia Merle Travis. Travis, mtoto wa kaunti ya Muhlenberg, Kentucky, alikuwa akipiga kwa gumba na kidole cha shahada, basi. Atkins hakuwa akimwona. Aliposikia besi na wimbo vikienda pamoja alidhani lazima vidole ni vingi, akajizoeza kwa gumba na vidole vitatu. Travis naye alijifunza kwa watu wa kwao, akina Mose Rager na Ike Everly, na ukiufuata ukoo huo nyuma unamkuta Arnold Shultz, mpiga gitaa Mweusi wa Kentucky aliyefariki 1931 bila kuacha rekodi hata moja. Huyo hatajwi vya kutosha.

Sasa geukia kwetu. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952, alipiga kwa gumba na shahada. George Mukabi na wenzake wa omutibo, mtindo wa gitaa wa Magharibi mwa Kenya, walifanya hivyohivyo, pembeni mtu akigonga chupa ya soda. Mapigo yanatofautiana, gumba la omutibo lina mambo yake, lakini ukishaujua mkono mmoja, mwingine haukushindi. Nimeona vijana wa Kakamega wakiupata mkono wa Travis upesi kuliko wale waliosomea gitaa la klasiki, kwa sababu nyumbani walishamwona mjomba akifanya.

Basi tuanze kazi. Shika kodi ya C. Gumba lipige uzi wa tano (hesabu kutoka ule mwembamba kabisa), kisha wa nne, kisha wa sita, kisha wa nne tena. Moja, mbili, tatu, nne. Kidole cha pete kinachobana uzi wa tano kwenye freti ya tatu (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa) kihamie uzi wa sita, freti ileile, pigo la tatu linapofika, halafu kirudi. Ukingo wa kiganja cha kulia uulaze juu ya nyuzi nene, pale zinapotokea kwenye briji, kile kipande kinachozishika tumboni mwa gitaa, kidogo tu, mpaka besi itoe sauti fupi ya "dum" badala ya kuvuma. Ukisogeza kiganja mbele kwa upana wa kucha, sauti inakufa kabisa. Ukikirudisha nyuma, inavuma tena. Mahali penyewe utapatafuta, kila gitaa lina pake. Nyuzi tatu nyembamba zisiguswe na kiganja. Hizo ziachwe wazi, maana ndizo zitakazoimba.

Usiongeze kitu. Najua inachosha. Kaa na kodi hiyo moja, halafu F, halafu G, mpaka gumba liende bila wewe kulisimamia. Kipimo changu ni hiki: mwombe mtu akae karibu akuulize habari za nyumbani, nawe umjibu huku unapiga. Ukianza kusema na gumba likasita, bado. Ukiweza kubishana naye kuhusu mpira, gumba likienda tu, umeiva. Wengine hutumia metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, si vibaya, ila metronomu haikuulizi swali.

Ndipo sasa unaweka nota moja ya juu. Kwanza uipige sambamba na gumba, kwenye moja, kama unavyobana kitu kati ya vidole. Hiyo ni rahisi. Halafu ihamishe iangukie katikati, baada ya moja na kabla ya mbili. Hapa ndipo wengi huvunjika: nota ya juu ikichelewa, gumba hutaka kuisubiri. Usiliruhusu. Punguza mwendo mpaka uone aibu, lakini gumba lisisubiri mtu. Siku ambayo nota ya juu itaweza kuchelewa au kuwahi huku besi ikikanyaga palepale, utasikia gitaa lako limeanza kuwa watu wawili, na utacheka peke yako.

Kuhusu wimbo wenyewe, uimbe kwanza. Kwa mdomo. Sijali sauti yako ikoje. Chukua tenzi unayoijua tangu sande skuli, au wimbo wa harusi wa kwenu, wowote usiohitaji kuutafuta mahali. Uimbe huku gumba likienda, halafu tia alama mahali ulipovuta pumzi. Ubeti wa kwanza upige mtupu: wimbo na besi, basi. Pale kwenye pumzi, juu kuwe kimya. Wanafunzi wangu wote, sina hata mmoja wa kumtoa hapa, hutaka kuijaza pumzi hiyo kwa vinota vya madoido. Wanaogopa msikilizaji ataona hawajui. Kumbe pale ndipo msikilizaji anapoumalizia mstari mwenyewe kichwani, na ukimjazia umemnyang'anya. Ubeti wa pili, ruhusu kitu kimoja kipya: labda nota ya pili chini ya ile ya wimbo, labda kuteleza kutoka freti moja hadi nyingine. Kimoja. Ukitaka cha pili, subiri wimbo mwingine.

Jambo moja la kiufundi kwa wapenzi wa Reeves. Sauti yake iko chini sana, na ukiuchukua wimbo ulivyo utajikuta unaupiga kwenye uzi wa nne na wa tano, mahali pa gumba. Vitu viwili haviwezi kukaa kiti kimoja. Upandishe wimbo oktava moja, uuweke kwenye nyuzi tatu za juu, au tumia kapo, kile kibano cha kubana nyuzi zote shingoni, uhamishe ufunguo mpaka upate nafasi. Nyimbo nyingi za aina hiyo hukaa vizuri ukishika kodi za C au za G, kapo ikiwa freti ya pili au ya tatu.

Halafu kuna kuvuta uzi, jambo linaloifanya kantri ilie. Asili yake ni gitaa la stili, lile linalolazwa na kupigwa kwa kipande cha chuma kinachoteleza, lenye pedali za kupandisha baadhi ya nyuzi huku nyingine zikitulia. Wapiga gitaa la kawaida walilionea wivu. Wanamuziki Clarence White na Gene Parsons walifikia hatua ya kutengeneza kifaa ndani ya gitaa la umeme la Telecaster: mpigaji akisukuma shingo ya gitaa chini, mkanda wa begani unavuta uzi wa pili na kuupandisha toni nzima. Wewe huna haja nacho. Bana uzi wa kwanza na wa pili kwenye freti ya nane kwa kidole kidogo, zote mbili. Kidole cha pete, kikisaidiwa na cha kati, kibane uzi wa tatu kwenye freti ya saba. Piga nyuzi zote tatu, halafu usukume huo wa tatu polepole mpaka ufikie sauti ya freti ya tisa. Hiyo ni kodi ya C ikifunguka mbele ya macho yako. Lakini kabla ya kusukuma, piga hiyo freti ya tisa kwanza, usikie unakokwenda. Kuvuta kusikofika kunauma masikio kuliko nota iliyokosewa kabisa, na kuvuta kunakopita ni kubaya zaidi. Na nyuzi mbili za juu zisitikisike hata kidogo wakati wa tatu unapanda. Zikitikisika, hakuna stili hapo.

Zoezi hilo lifanyie kwenye gitaa la umeme lenye nyuzi nyepesi. Mpiga gitaa James Burton aliweka nyuzi za banjo kwenye Telecaster yake ili ziwe laini za kuvuta. Siku hizi unanunua tu seti nyepesi ya nyuzi, ile ya 9. Kwenye gitaa la mbao lenye seti nzito ya 12, uzi wa tatu umeviringishwa waya na utakuumiza kidole bure.

Vifaa vingine nisikuchoshe navyo. Piki ya gumba, ya plastiki, inayovaliwa, inunue mapema kwa sababu mkono huizoea polepole. Gretsch aliyokuwa akipiga Atkins ni gitaa la bei, likusubiri. Gitaa lolote ambalo nyuzi zake hazijapaa juu ya shingo na linashika tuni linatosha kwa kila nililokwisha kueleza. Kama nyuzi zimepaa, mpelekee fundi kabla hujajilaumu.

Kwa mnaotaka kula kupitia muziki huu, kazi ipo, hasa hotelini wakati wa chakula cha jioni na cha mchana wa Jumapili. Wanakupenda kwa sababu huhitaji bendi wala mwimbaji, na nyimbo zako wazee wanazijua. Zingatia sauti ya ampu. Mgeni akilazimika kupaza sauti kumwomba mwenzake chumvi, wewe umezidi. Meneja mmoja alinitaka niweke mashine ya ngoma nyuma ili "kuchangamsha". Nilimpigia nyimbo mbili bila mashine, meza ya akina mama wa kikundi cha kanisa ikaanza kuimba kwa chini, naye hakulitaja tena. Watu wakianza kuimba hivyo, usiwakatize kwa solo. Punguza, uwafuate, wewe sasa ni msindikizaji. Wakinyamaza, rudisha wimbo kwako ulipoachia. Bahasha za usiku huo huwa nzito.

Usikubali pia kupangiwa saa tatu mfululizo bila mapumziko. Gumba linalochoka huanza kukimbia, na wa mwisho kulijua ni mwenyewe.

Wa kuwasikiliza: anza na Travis ili usikie vidole viwili vinafanya nini, halafu Atkins wa miaka ya hamsini, kisha Hank Garland, aliyepiga kwenye rekodi chungu nzima za Nashville kabla ya ajali ya gari ya 1961 kumkatisha. Tafuta santuri ambayo Atkins alirekodi na Les Paul, ya 1976, na ile ya 1990 aliyorekodi na Mark Knopfler. Hao ni watu ambao kila mmoja angeweza kukijaza chumba peke yake, na utasikia jinsi wanavyopishana, huyu akisema yule ananyamaza. Emmanuel, ambaye Atkins mwenyewe alimpa heshima ya kuitwa mpiga gitaa aliyethibitishwa, msikilize kwenye nyimbo zake za taratibu kwanza, uziruke zile za mbio.

Jerry Reed mwache mwisho kabisa. Ni mtamu, na Atkins alizipenda tungo zake akazirekodi nyingi, lakini mkono wake wa kulia haukanyagi moja-mbili kama huu niliokueleza. Gumba na vidole vinarukiana, besi inatokea mahali usipoitarajia. Ukimwanza sasa hivi atalichanganya gumba ambalo bado halijakaa. Kama tayari umeshamwanza, na najua wapo, rudi kwenye kodi ya C, uzi wa tano, wa nne, wa sita, wa nne, halafu uniambie linaendaje ukiulizwa habari za mpira.