Bastola yenye fremu ya alumini: nini kipakwe wapi

Mkuu, umeuliza upake nini kwenye bastola yako ya fremu ya alumini, na mpaka sasa umepewa majibu matatu yanayogongana: oili ya injini, WD-40 na grisi ya bearing. Nimemiliki bastola za fremu ya chuma na za alumini kwa miaka mingi na nimezifungua nyingi za wenzangu, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Kwanza kabisa: magazini nje, chemba itazame kwa macho kisha ipapase kwa kidole, na risasi zote zitoke kwenye chumba unachofanyia kazi. Hatua hii hairukwi hata kama uliifungua jana.

Swali la "oili gani" linaanzia mbali kidogo. Anza na kuangalia chuma gani kinasugua chuma gani. Bastola za fremu ya plastiki zina vipande vifupi vya chuma vinavyobeba slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila unapofyatua), ndiyo maana wenye nazo watakwambia tone moja kila kona linatosha, na kwao ni kweli. Yako slaidi inateleza juu ya reli zilizochongwa kwenye fremu yenyewe, na reli hizo kwa kawaida ni ndefu. Eneo la msuguano ni kubwa na kilainishi kinapaswa kukaa pale pale kilipopakwa.

Halafu kuna alumini yenyewe. Ni laini kuliko chuma cha slaidi. Kinachoilinda ni tabaka gumu la oksidi linaloundwa kiwandani kwa umeme, na tabaka hilo ni jembamba mno: hata lile gumu zaidi huwa kati ya mikroni 25 na 50 hivi. Likilika, chuma kinakutana na alumini tupu. Hapo alumini inang'oka vichembe, vichembe vinajibandika kwenye slaidi, na kuanzia hapo slaidi inakwangua fremu kila inaporudi nyuma. Uharibifu wa namna hii haurudishwi kwa oili ya aina yoyote. Wenye bastola za chuma cha pua juu ya chuma cha pua wanalijua tatizo hili pia. Bastola za mwanzo za muundo wa 1911 za chuma hicho zilijulikana kwa kung'ang'aniana kwenye reli.

Kwa sababu hiyo msimamo wangu ni huu: kwenye reli za alumini weka grisi nyepesi. Grisi ni oili iliyoshikiliwa na sabuni, mara nyingi ya lithiamu, kwa hiyo haitiririki ukiiacha bastola imesimama au ukiivaa kiunoni mchana kutwa karibu na joto la mwili. Angalia namba ya NLGI kwenye kopo, yaani namba inayoonyesha uzito wa grisi: ikiwa ndogo, grisi ni nyepesi. Grisi ya bearing za magari kwa kawaida ni namba 2. Inafanya kazi, lakini kwenye baridi inakaza na slaidi inarudi kwa uzito. Namba 0 au 1 ndiyo ninayoipenda: inabaki kwenye reli bila kuibana slaidi. Kiasi ni punje ya mchele kila upande, kisha uisambaze kwa kidole mpaka reli ionekane imelowa tu. Ukiirudisha slaidi na kuivuta mara kadhaa, ikatokea mistari minene pembeni, umezidisha, ifute. Na ukibadilisha aina ya grisi, safisha ya zamani yote kwanza, maana baadhi ya sabuni hazipatani na mchanganyiko unalegea kama uji.

Ukifanyia mazoezi mahali penye vumbi jingi au mchanga, hapo nabadilika: oili, kidogo, na kusafisha mara nyingi zaidi. Grisi nzito ikishanasa mchanga inakuwa ya kusagia.

Sasa hayo majibu uliyopewa. Oili ya injini ya sintetiki, tuseme 5W-30, si ushauri mbaya. Inavumilia joto na ina viambato vya kupunguza ulikaji. Udhaifu wake ni kwamba inahama, na haikutengenezwa kwa ajili ya chuma kinachoshikwa na mikono yenye jasho. WD-40 ilibuniwa mwaka 1953 kufukuza maji na kuzuia kutu. Bastola ikinyeshewa, itumie kufukuza maji, ufute, kisha upake kilainishi halisi. Ukiitegemea peke yake kwenye reli, baada ya muda unabaki na utando mwembamba usiobeba msuguano wa slaidi. Isitoshe, vimiminika vinavyopenya namna hiyo vinaweza kuingia kwenye praima, yaani kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi, na kuiua risasi.

Kwa kazi ya jumla nunua CLP, yaani oili moja ya kusafisha, kulainisha na kuhifadhi. Chupa ikiandikwa MIL-PRF-63460 maana yake imetengenezwa kwa kiwango cha jeshi la Marekani. Hii ndiyo inayokwenda kwenye nje ya mtutu pale unapogusa mdomo wa slaidi, kwenye sehemu za kufungia mtutu, na tone dogo kwenye nyundo na pini zake. Mafuta ya kula usiyaguse, yanaganda na kuwa gundi. Unga wa grafiti nao uache mbali na fremu ya alumini: unyevu ukiingia kati yao, alumini ndiyo inayoliwa.

Sehemu za kuacha kavu ni muhimu sawa na za kupaka. Tundu la pini ya kupigia lisafishe, likaushe, basi. Oili humo inakusanya masizi ya baruti na kuipunguzia pini kasi, na risasi inaweza isilipuke. Ndani ya magazini pia pawe pakavu. Ndani ya mtutu utando mwembamba ni sawa wakati wa kuhifadhi, ila pitisha kitambaa kikavu kabla ya kufyatua.

Usisahau chini ya vibao vya mshikio. Jasho linajificha pale, na pale pini ya chuma inapoingia kwenye alumini ndipo doa jeupe la unga huanza. Fungua skrubu, futa, pitisha kitambaa chenye oili kidogo, funga.

Jambo la mwisho, na hili ndilo ningependa ulifanye leo kabla hujanunua chochote. Futa reli kwa kitambaa cheupe na uangalie rangi. Nyeusi ni masizi, ya kawaida. Kahawia ni kutu ya slaidi au ya pini. Kijivu chenye kung'aa kama fedha ni alumini inayotoka kwenye fremu, na hapo ulainishaji wako hautoshi. Kisha itazame reli yenyewe chini ya taa. Mistari inayong'aa mahali rangi ilipoondoka kwenye sehemu zilizoinuka haitishi, reli nyingi hutulia hivyo na kudumu miaka. Pitisha ukucha kwa kukata mstari huo. Ukiteleza, paka grisi uendelee. Ukikwama kwenye mfereji, usiifyatue mpaka fundi wa silaha aione, kwa sababu huenda kuna ncha kali kwenye slaidi inayokwangua na inahitaji kusuguliwa iishe kwanza.

Ukishapima, weka picha ya reli zote mbili hapa, sehemu ya mbele hasa, tuone zimelika sawasawa au upande mmoja.