MicroPython kwenye chipu ndogo: anza na hesabu ya RAM

Vijana wanaonijia na bodi yao ya kwanza huuliza: "Kaka, Python si itakuwa nzito kwa kichipu hiki?" Wanawaza kasi. Kwa nilivyoizoea MicroPython, yaani Python iliyopunguzwa ili iendeshwe na chipu ndogo, kasi hainisumbui sana. Kinachokwamisha kazi ni RAM, kumbukumbu ya muda ambayo programu huitumia inapofanya kazi.

Uamuzi unaanzia dukani. Arduino Uno yenye ATmega328P ina RAM ya kilobaiti 2 tu. Hapo baki na C++, usijitese. MicroPython, ambayo Damien George aliichangishia fedha Kickstarter mwaka 2013, inataka walau kilobaiti 16 za RAM na 256 za kuhifadhi programu. Chipu ya ESP8266 inaimudu, ila ikishawaka inakuachia kilobaiti thelathini na kitu. Zinatosha kusoma kihisi kimoja na kutuma namba. Ongeza HTTPS (mawasiliano ya wavuti yenye usimbaji) uone MemoryError, makosa ya kuishiwa RAM, zinavyomiminika. Bodi ya Raspberry Pi Pico ina kilobaiti 264, chipu ya ESP32 ina 520, ingawa Wi-Fi nayo hula fungu lake. Mimi nakwambia ongeza hela kidogo uchukue ESP32.

Na kwa nini tusibaki na C++ kila mahali? Kwa sababu ya REPL, dirisha la kuandika amri moja moja na kuona jibu papo hapo. Unaunganisha waya, unaandika i2c.scan(), amri ya kutafuta anwani za vifaa vilivyo kwenye waya, jibu linakuja hapohapo: [60] maana yake kioo cha OLED kimeitika, [] maana yake rudi kwenye waya. Hakuna kusubiri kupakia programu upya kila unapogusa kitu.

Sasa RAM yenyewe. Ukiweka faili la .py kwenye bodi, bodi ndiyo inayolikompaili, yaani kuligeuza kuwa baitikodi (maagizo inayoyaendesha), na kazi hiyo inahitaji nafasi. Ndiyo maana faili refu linaweza kugoma kwenye import, yaani linapoitwa, kabla mstari wake hata mmoja haujafanya kazi. Likompaili kwenye kompyuta yako kwa zana ya mpy-cross, upeleke faili la .mpy linalotoka. Moduli zisizobadilika zigandishe kabisa ndani ya fimuweya (programu ya msingi ya bodi): baitikodi itasomwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, hifadhi ya kudumu ya bodi. Itabidi ujenge fimuweya mwenyewe, na mara ya kwanza inachosha kweli.

Kuna ugonjwa mwingine, wa polepole. Kila ukiunganisha maneno kwa alama ya + ndani ya kitanzi, kitu kipya kinazaliwa na cha zamani kinageuka taka. Mzoa taka wa MicroPython hupita akaziondoa, lakini vilivyobaki havisogezi. Unaweza kuwa na kilobaiti 20 huru zilizotawanyika vipande vipande, ukaomba 4 zilizoshikana ukanyimwa. Kipimo cha tangi la maji kinachofanya kazi vizuri mezani kisha kikafa baada ya wiki juu ya paa, hapo ndipo pa kwanza kupashuku. Tenga bytearray moja (safu ya baiti) mwanzoni, ijaze kwa readinto, itumie hiyohiyo siku zote. Ita gc.collect(), inayomwita mzoa taka, kabla ya kufungua soketi (njia ya mawasiliano ya mtandao), na uchapishe gc.mem_free(), RAM iliyo huru, kila mzunguko. Namba ikizidi kushuka, usikipandishe kifaa juu ya paa.

Kwenye Pico, ukiweka interapti (kazi inayokatiza programu tukio likitokea) yenye hard=True, usiunde kitu chochote kipya ndani yake, hata namba ya desimali. Weka alama tu, kazi nyingine iachie micropython.schedule(), ambayo huifanya baadaye kidogo. Kasi ikikosekana kweli, jaribu @micropython.native kwenye kipande kinachochelewesha. Mara nyingi hutahitaji zaidi ya hapo.

WDT (mlinzi anayewasha bodi upya programu ikikwama) iweke mwisho, programu ikishatulia. Kwenye Pico haivuki milisekunde 8388, na ikishawashwa haizimiki mpaka bodi ianze upya. Kwa hiyo acha sekunde tatu tupu mwanzoni mwa main.py, upate nafasi ya kubonyeza Ctrl-C kabla haijawaka.