Kalibu au kiolezo?

SWALI: Naandaa maelezo ya kidato cha sita hapa Urambo, Tabora, kuhusu kirusi cha batobato ya tumbaku kinavyotumika kupanga chembenano (chembe ndogo mno, za kupimwa kwa nanomita) za dhahabu kwenye kihisi, yaani kifaa cha kutambua vitu. Nimeandika "kalibu ya kirusi" na "filamu ya dhahabu". Mwalimu mwenzangu anayakataa yote mawili. Tusaidie.

JIBU: Kalibu inategemea metali inakaa wapi. Mfyatua matofali hujaza udongo ndani ya kalibu, kisha huiinua. Umbo limetoka ndani. Fundi cherehani hutandaza kiolezo juu ya kitambaa, akakata kwa kukifuata. Sasa tazama kirusi chenyewe: kijiti cha urefu wa nanomita 300 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) na kipenyo cha 18, kilichovikwa protini zipatazo 2,130 zilizozunguka kama ngazi ya mnara. Chembe zikinasa juu ya protini hizo, kirusi kinazionyesha nafasi tu. Hapo ni kiolezo, na mwenzako kashinda. Lakini katikati ya kijiti mna tundu la nanomita 4 hivi; metali ikikuzwa humo ikawa uzi, umbo linatoka ndani, na kalibu yako inasimama. Basi usifute neno hilo kila ukurasa bila kusoma sentensi.

"Filamu" iache, mwanafunzi atawaza sinema. Sema utando, kama ule unaotanda juu ya maziwa yaliyochemka. Ila kwa kuwa kitabu chao cha biolojia kina utando wa seli, andika kwa ukamilifu: utando wa chembenano.

Hukuuliza kitenzi, nacho ndicho huharibu maelezo mengi. "Kirusi kinaunganisha chembe" kinamleta fundi wa kuchomelea. Chembe zinajipanga. Dhahabu iliyotayarishwa kwa sitrati, chumvi ya asidi ya limau, ina chaji hasi, kwa hiyo hushika penye chaji chanya, au penye salfa, ambayo dhahabu huipenda. Chumvi ikizidi, chaji hufifia, chembe hazisukumani tena, na maji yenye chembe hizo, yaliyokuwa mekundu, hugeuka zambarau au buluu. Wengi huandika hapo "chembe zimeganda". Kuganda ni kwa maziwa, mafuta na barafu, ambapo kilichokuwa majimaji kinakuwa kigumu. Dhahabu hii ilikuwa ngumu tangu mwanzo na maji yake bado ni maji. Sema zimeshikana madonge.