Maswali yenu kuhusu Kihansi

Nimeliona bwawa la Kihansi kwenye picha, mbona dogo? Megawati 180 zinatoka wapi?

Zinatoka kwenye mteremko. Ukuta wa bwawa una kimo cha mita 25 tu, lakini umejengwa juu kwenye safu ya milima ya Udzungwa. Mitambo mitatu, kila mmoja wa megawati 60, iko chini kabisa, ndani ya pango lililochongwa kwenye mwamba. Katikati hapo maji hushuka mita 850 hivi. Kwa kimo hicho, lita 1,000, yaani simtanki moja ya nyumbani, hutoa takribani uniti mbili za umeme. Ni mabwawa machache nchini yanayolitumia tone la maji vizuri namna hii.

Kwa nini basi kiangazi umeme wake hupungua?

Kwa sababu hakuna akiba kubwa. Bwawa la Mtera lilijengwa ili lihifadhi maji ya msimu mzima. Kihansi hutegemea mto unavyotiririka.

Hivi ni kweli chura alitaka kuzuia mradi wa Taifa?

Hapana, na naomba tuache kumsimulia hivyo. Chura huyu, ambaye mkubwa wake hafiki hata sentimita tatu, aligunduliwa mwaka 1996 ujenzi ukiwa umeshaanza. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya korongo la Kihansi, eneo la hekta chache tu, na hakuna mahali pengine duniani alikopatikana. Hatagi mayai kama vyura wengi. Huzaa vichura vilivyokamilika.

Mwaka 2000 maji mengi ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalikatika. Vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kutunzwa, na bustani za wanyama za Bronx na Toledo zikafanikiwa kuwazalisha. Korongoni yaliwekwa mabomba ya kunyunyizia maji, na kwa muda vyura wakaongezeka. Kisha mwaka 2003 wakaanguka ghafla, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukagundulika miongoni mwao. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Kuanzia mwaka 2010 walianza kurudishwa nchini, kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaachiwa korongoni kwao.

Kosa lilikuwa la mpangilio: korongo lilipaswa kuchunguzwa kikamilifu kabla ya kandarasi kusainiwa. Kumtunza kiumbe aliyekwisha kung'olewa kwake ni kazi ya miaka mingi na fedha nyingi kuliko kumwachia maji yake mapema.

Je, si hasara kuwaachia vyura maji wakati wananchi tunakatiwa umeme?

Ndiyo, kuna umeme tunaoukosa, na hesabu ya simtanki hapo juu inaonyesha. Lakini maji yanayoachwa ni sehemu ndogo ya mto, na bado tunabaki na kituo kizima. Mimi naona ni haki yao. Sisi tuna bwawa la umeme la Kidatu, tuna gesi, tuna mito mingine. Wao walikuwa na korongo hilo moja.

Maji yakishapita Kihansi yanaishia wapi?

Yanaingia Kilombero, kisha Rufiji, na yanafika bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115. Na yale ya vyura hufika hukohuko: yakishaanguka korongoni hurudi mtoni, yakazungushe mitambo ya Rufiji.