Makofi yanakimbia, masikio yamebaki nyuma

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tuko wanane katika kikundi cha maigizo ya papo kwa papo. Kabla ya kila onyesho tunasimama mduara na kupitishana kofi kwa dakika 20. Kasi hupanda, kofi hupotea, tunaanza upya. Wenzetu wawili hukosea karibu kila mara na sasa wanaona aibu kuja mazoezini. Ajabu ni kwamba tukipanda jukwaani bado tunakatizana maneno. Tuwatoe hao wawili mchezoni, au mchezo wenyewe haufai?
Mwenye Viganja Vyekundu

JIBU: Marahaba. Msimtoe mtu. Mimi nawatilia shaka zaidi wale wanaowapa hao wawili kofi.

Kofi hilo hupigwa na wawili kwa pamoja, anayetoa na anayepokea, kila mmoja kwa viganja vyake, wakitazamana, na usikike mlio mmoja. Mkisikia "pa-pa" badala ya "pa", kuna aliyemkimbia mwenzake. Jaribuni hivi: mtoaji ageuze mwili mzima, si shingo tu, asubiri jirani naye ageuke, macho yakutane, ndipo wapige. Litakwenda polepole mpaka likere. Acheni likere. Kasi huja yenyewe, na ikija kabla ya macho kukutana, ipunguzeni. Kofi likipotea msianze upya. Aliye karibu aliokote liendelee. Kule kusimama na kuulizana nani kakosa ndiko kunakowaaibisha wenzenu.

Nina sheria moja sibanduki nayo: kofi ni mali ya mtoaji mpaka mwenzake alipokee. Utaiona maana yake kwenye mchezo wa mizunguko. Mnaweka mzunguko wa majina: mimi nakutaja wewe, wewe unamtaja yule, mpaka jina linirudie. Kisha mzunguko wa wanyama, kwa mpangilio mwingine. Halafu yote miwili inakwenda kwa wakati mmoja, na hakika mmoja utakufa. Ukisema "twiga" na mwenzako hakusikia kwa sababu anahangaika na jina, sema tena "twiga", msogelee, mpaka akutazame. Wengi hulirusha neno, kisha wakamkodolea macho aliyelikosa kana kwamba ameiba.

Kukatizana maneno ni ugonjwa mwingine, na kofi haliutibu, kwa sababu humo zamu inajulikana. Hesabuni hadi 20: macho chini, hakuna zamu, yeyote ataje namba inayofuata, wawili wakiitaja kwa pamoja mnarudi moja. Ila angalieni ujanja. Kikundi changu cha kwanza kilifika 20 siku ileile niliyowafundisha, nikawashangilia. Wiki ya pili wakafika tena. Ya tatu nilikuwa nimefumba macho, nikasikia sauti zinazunguka chumba kama mshale wa saa: walikuwa wanafuatana kulia kimyakimya, na mimi nilishaanza kujisifu! Tangu hapo wanangu wanahesabu huku wakitembea ovyo chumbani.

Na dakika 20 za makofi ni adhabu. Viola Spolin, mama aliyebuni michezo mingi ya namna hii kule Chicago, alitaka kila mchezo umpe mchezaji jambo moja la kushikilia akilini. Jambo moja tu. Kwa hiyo kabla hamjaanza, mmoja wenu atamke la siku hiyo: leo macho, kesho pumzi za jirani. Kofi dakika tano, hesabu dakika tano, mizunguko muiweke siku za mazoezi kwa sababu kabla ya onyesho inachosha kichwa. Hata kama hesabu imeishia 13, tokeni hapo moja kwa moja muingie kwenye igizo la kwanza, bila kukaa wala kujadili.

Hao wawili wawe ndio wanaoanzisha kofi, mwezi mzima.