Si uvivu, kichwa kimejaa

Dada, umeuliza kwa nini mwanao wa kidato cha kwanza akisomewa sentensi ya Kiingereza, akifika mwisho mwanzo umeshamtoka. Wala si uvivu. Kumbukumbu tendaji, ile inayoshika maneno kwa sekunde chache huku ikiyafanyia kazi, ni ndogo kwetu sote. Mwanasaikolojia Nelson Cowan mwaka 2001 alikadiria inabeba vifungu vinne hivi kwa mara moja, kifungu kikiwa neno moja au maneno kadhaa yanayoshikwa kama kitu kimoja. Konda akiita "Mbagala Rangi Tatu, Kariakoo!" mtoto anadaka yote kama kitu kimoja. Kwa Kiingereza kila neno analishika peke yake, na bado atafute maana. Miaka yote ya msingi kasoma kwa Kiswahili, leo fizikia kwa Kiingereza, utamlaumu?

Basi akariri misemo mizima ya Kiingereza, ya kuomba ruhusa, ya kuuliza bei, mpaka imtoke bila kufikiri. Mwalimu naye asieleze jambo jipya huku watoto wananakili ubaoni, hapo ndipo wengi wanapotea. Na hizo programu za simu za "kukuza kumbukumbu" achana nazo, mara nyingi mtoto anakuwa hodari wa mchezo wenyewe, Kiingereza kiko palepale.