Mdogo wangu, usinunue ile nyeusi

Juzi usiku nikiwa mapumzikoni kazini, kijana mmoja wa kwetu anayebeba boksi huko Rochester, hapahapa Minnesota, alinitumia picha tatu za bunduki na ujumbe: "Shikamoo kaka. Nina dola 400, nataka .22 ya kupigia makopo na kuwindia kindi na sungura msimu ukifunguliwa. Nichukue ipi?" (.22 ni bunduki ya risasi ndogo.) Picha mbili nilizipita. Ya tatu niliitazama mpaka chai ikapoa. Bunduki nyeusi tii, plastiki tupu, ina reli juu na pembeni za kufungia tochi, magazini ndefu ya risasi 25. Ukiiona kwa mbali utadhani mwenye nayo anakwenda vitani.

Nilimjibu, "Marahaba, subiri kwanza." Maelezo ndiyo haya, na nayaandika hapa kwa sababu si yeye peke yake anayeniuliza.

Mimi nilinunua ndugu yake ile bunduki mwaka 2019, siku rifandi ya kodi ilipoingia. Dola 480. Nikaongeza 60 za darubini yenye kidoti chekundu. Mnisamehe, mimi ni mtu wa Sikonge, nimekua nikitazama gobore la babu likining'inia ukutani, na katika maisha yangu yote nililishika mara mbili, zote nikiwa nimetumwa kulipeleka nje lifutwe vumbi. Kuwinda kwangu kulikuwa kwa manati. Kwa hiyo nilipopata makaratasi na kuambiwa kwamba sasa naweza kumiliki bunduki kihalali, nilitaka kitu kinachofanana na bunduki. Muuzaji aliona macho yangu akaelewa. Hakuniuliza naenda kufanya nayo nini. Nami sikumwambia.

Kule renji, yaani uwanja wa kulengea shabaha, ilianza kunionyesha rangi zake wiki ya kwanza. Katika kila risasi ishirini, moja au mbili zinakwama. Ganda linabaki limebanwa mlangoni, nusu ndani nusu nje, nami nalichokoa kwa ncha ya kisu watu wananiangalia. Nikalaumu risasi. Nikalaumu baridi. Nikanunua mafuta ya aina tatu. Kila kitu nilikilaumu isipokuwa mnunuzi.

Septemba ikafika. Mzee mmoja Mzungu tunayefanya naye zamu akanialika Carlos Avery, lile pori la umma kaskazini mwa Minneapolis. Alikuja na Marlin Model 60 ya marehemu baba yake, kitako cha mbao kimepauka kama mwiko wa zamani. Mimi nikashuka garini na mashine yangu. Aliitazama, akanitazama, akasema tu, "Haya, twende."

Hadi saa tatu asubuhi mzee alikuwa na kindi wanne kwa risasi sita. Mimi nilikuwa na makwama matatu. Kisha kindi mmoja mkubwa wa kijivu akatokea kwenye tawi la mwaloni, hatua kama thelathini, akakaa akitafuna. Nikaweka kidoti. Nikavuta triga. Tik. Haikulia. Nikakoki upesi, kwa pupa, nikapiga ya pili bila hata kutulia, ikampata nyuma. Akajiburura, akaingia kwenye tundu la mti. Tulisimama chini ya ule mti tukimsikia akikwaruza ndani. Dakika kumi, labda zaidi. Hakuna tulichoweza kufanya.

Yule mzee hakucheka. Afadhali angecheka. Alivua kofia, akaniambia taratibu, "Hiyo bunduki yako ni ya sinema." Tukarudi bila kuongea, na mpaka leo nikisikia panya akikwaruza darini huwa nakumbuka ule mwaloni.

Sasa nikueleze kilichotokea, maana ilinichukua miezi kukielewa. Risasi ya .22 ni ya aina inayoitwa rimfaya. Haina kile kifuniko kidogo katikati ya kitako cha ganda. Ule unga unaowasha baruti umetandazwa ndani ya ukingo wa ganda, kuzunguka duara lote, na pini ya bunduki inaubana ule ukingo. Ndiyo sababu ni rahisi kutengeneza na bei yake ni ya mtu wa kawaida. Ndiyo sababu pia hubuma mara nyingi kuliko risasi kubwa: sehemu moja ya ukingo ikikosa unga, pini ikiangukia hapohapo, unasikia tik. Na ganda lake likishalia halipakiwi tena, ni la kutupa. Hayo si ya leo. .22 Long Rifle, hii tunayoizungumzia, ilitoka mwaka 1887, na hadi sasa ndiyo risasi ya kila mwanafunzi wa kulenga.

Bunduki inayojipakia yenyewe hutegemea kile kisukumo kidogo cha risasi hiyo kurudisha nyuma bolti, kile chuma kinachofunga mlango wa risasi, kutupa ganda na kuleta risasi nyingine. Kisukumo kikiwa hafifu, au bunduki imejaa masizi na nta ya risasi za bei poa, bolti hairudi vya kutosha. Magazini ndefu nayo ina tabu yake, kwa sababu maganda haya yana ukingo uliochomoza na ukingo mmoja huweza kunasa nyuma ya mwenzake. Zipo za kujipakia zinazofanya kazi vizuri sana. Ruger 10/22 ipo tangu mwaka 1964, na magazini yake ya risasi kumi ni ya kuzunguka, kila risasi ina chumba chake, haziumani. Ukiniambia moyo wako hauridhiki bila ya kujipakia, chukua hiyo hata kama itakubidi ufanye overtaimu mbili zaidi.

Ila mimi ushauri wangu ni wa bolti. Unaikoki kwa mkono, risasi moja baada ya nyingine. Nguvu ya risasi haina kazi ya kupakia, kwa hiyo inakula risasi yoyote, iwe ya polepole au ya kasi. Na inakufundisha kutulia, kwa sababu unajua ya pili haiji yenyewe.

Ile nyeusi niliiuza 250. Ndiyo, nilipoteza 230 kwenye bunduki, na juu yake darubini niliyompa mnunuzi kama nyongeza ili aondoke nayo upesi. Nikaingia duka jingine, pale nyuma kwenye rafu ya mitumba, nikakuta Savage Mark II, bolti, magazini ya risasi kumi, kitako kimekwaruzwa kama kimeburuzwa barabarani. Dola 160. Nilichungulia ndani ya mtutu kwa tochi: mistari ya kuzungusha risasi imesimama, hakuna kutu. Nikajaribu bolti, inateleza. Nikauliza kama naweza kuvuta triga ikiwa tupu, maana .22 nyingi hazipendi hivyo, pini hugonga chuma na kuharibika. Muuzaji akaniwekea ganda tupu chemba, nikavuta. Nyepesi, safi. Nikalipa.

Pesa iliyobaki, na hapa ndipo penye siri yote ya makala hii, niliipeleka kwenye risasi. Si boksi moja kubwa. Boksi tano ndogo za aina tano. Mtutu wa .22 una ulafi wake, huu unapenda hii na ule unapenda ile, hata bunduki mbili zilizotoka kiwandani siku moja. Nikaketi renji, nimeegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, karatasi ziko yadi 50, nikapiga tano tano za kila aina. Aina moja ya bei poa ilitawanyika kama mbegu zilizomwagika. CCI Mini-Mag ilikuwa nzuri. CCI Standard Velocity, ambayo ni ya polepole, kama mita 326 kwa sekunde, iliweka zote tano mahali unapoweza kufunika kwa sarafu ya robo dola. Sababu moja ni kwamba haivuki kasi ya sauti, kwa hiyo haipati ule mtikisiko wa kushuka kutoka juu ya kasi hiyo njiani. Kwa kindi wa hatua thelathini inatosha na kuzidi, ukimpiga kichwani. Hata kelele yake ni ndogo, ingawa masikio bado uyazibe.

Kwa hiyo nasema tena: bunduki ya bei ndogo, risasi za kutosha. Dola 400 zako, mdogo wangu, usizimalize dukani kwenye chuma. Gawa. Darubini nayo isiwe ya kufungwa kwenye mzinga, tafuta ile iliyotengenezwa kwa ajili ya .22, iliyosawazishwa yadi 50, maana za bunduki kubwa nyingi zimewekwa kwa umbali wa mbali. Ukitaka mpya, angalia Ruger American Rimfire, au hiyohiyo Savage. CZ 457 ya Wacheki ni tamu, nimeishika ya rafiki, ila kwa bajeti yako iache ikae dukani. Marlin 60 kama ya yule mzee utaipata ya mtumba tu. Ilianza mwaka 1960, ikauzwa kwa mamilioni, lakini wenye kiwanda, Remington, walifilisika mwaka 2020, Ruger wakalinunua jina la Marlin, na ile bunduki haitengenezwi tena. Ukiipata, kumbuka risasi zake zinakaa kwenye bomba chini ya mtutu, na moja huweza kubaki humo wewe ukadhani umemaliza.

Wapo watakaokushauri .17 HMR, risasi nyembamba kuliko .22. Ilikuja mwaka 2002, inakimbia kama mita 777 kwa sekunde, na imenyooka kweli. Mpige kindi nayo mwilini uone kama kuna cha kupeleka jikoni. Na bei ya risasi zake itakufanya uwe unahesabu kila ukivuta triga. Mtu anayehesabu hafanyi mazoezi.

Makaratasi sasa, na hapa sitaki mzaha, kwa sababu nimeona mambo kwenye magrupu yetu. Mwenye grini kadi ananunua dukani kama mwananchi: unajaza fomu 4473, unaandika namba yako ya uhamiaji, wanakagua rekodi zako. Aliye hapa kwa viza ya muda, ya masomo au matembezi, sheria ya taifa inamkataza kumiliki hata risasi, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji, na huyo aongee na mwanasheria kabla ya kuongea na muuzaji. Na usije ukamwambia mwenzio "ninunulie kwa jina lako nitakupa hela." Kule nyumbani tungeita kusaidiana. Hapa ni kosa la jinai, kwenu wote wawili, na ukiwa huna uraia huenda ukarudishwa nyumbani mikono mitupu. Nakwambia kama kaka.

Kisha uende kozi. Minnesota, aliyezaliwa baada ya Desemba 31, 1979 lazima awe na cheti cha usalama wa silaha ndipo apewe leseni ya kuwinda. Mimi nilikaa darasani na watoto wa miaka kumi na miwili, nikiwa na ndevu zangu. Mtoto mmoja alijibu maswali kunizidi. Sikufa.

Darasani ndiko nilikojifunza kwamba ile tik yangu ya siku ile ningeweza kuumia nayo. Risasi isipolia, unaacha mtutu umeelekea shabaha, unahesabu sekunde thelathini, ndipo unafungua, kwa sababu huenda inawaka taratibu ndani. Mimi nilikoki palepale. Tena .22 inayoitwa ndogo inakwenda zaidi ya maili moja. Kindi akiwa kileleni, nyuma yake mbingu tupu, humpigi. Unangoja ashuke, shina liwe nyuma yake. Nimewaacha wengi hivyo, tena wanono. Makopo nayo hayapigwi ovyo porini. Kwenye mapori ya umma kama Carlos Avery kulenga shabaha ni marufuku, nenda renji au shamba la mtu aliyekuruhusu. Na vaa kofia ya rangi ya chungwa. Sheria inataka rangi hiyo ionekane juu ya kiuno, lakini mimi naivaa hata nikiwa naomba ruhusa kwa mkulima. Mtu mweusi na bunduki mlangoni kwa mtu, bora aonekane mapema, asalimie kwanza, na bunduki ibaki garini.

Msimu uliopita Jumamosi moja nilifikisha kindi saba, ambao ndio kikomo cha siku hapa. Risasi tisa. Nilimpigia yule mzee kumwambia, naye alikuwa ameshastaafu, akacheka mpaka akakohoa. Nikamtumia picha mama pia. Akajibu kwa sauti: "Mwanangu, umekwenda mpaka Marekani kuwinda panya wa mitini?" Nikamwambia mama, chemsha kwanza na tangawizi na kitunguu saumu mpaka nyama iachie, ndipo ukaange, halafu songa ugali. Hajashawishika. Mke wangu naye hali, ila mchuzi wake anachovya.

Kijana wa Rochester, nimeshakupigia mara mbili hupokei. Msimu wa kindi unafunguliwa katikati ya Septemba na kufungwa mwisho wa Februari, kwa hiyo muda upo. Kama ile nyeusi bado hujailipia, njoo Jumamosi twende ile rafu ya nyuma. Na kama umeshailipia, njoo vilevile, tutaijaribu renji. Kofia ya chungwa ya ziada ninayo.